Kutoka Kimeta hadi Malale: Maisha ya Robert Koch

Mwanafunzi wa Kiswahili akifungua kamusi na kuyatafuta maneno kimeta, kifua kikuu, kipindupindu, tauni, sotoka, ndigana, papasi na malale, atakuwa ameorodhesha, pasi na kujua, sehemu kubwa ya kazi ya maisha ya mtu mmoja. Mtu huyo, Robert Koch, hakuwa mwenyeji wa lugha hii. Alikuwa daktari wa Kijerumani, tena mtumishi mwaminifu wa dola iliyoitawala Tanzania Bara ya leo kwa mabavu. Hata hivyo, alifika Afrika Mashariki mara tatu kufanya utafiti, na mengi ya maradhi aliyoyachunguza hayajatuhama. Kwetu sisi tunaosoma na kuishi katika eneo la Nakuru, jina lake lastahili kujulikana si kwa sababu ya tuzo alizotunukiwa, bali kwa sababu ya swali lililomwandama tangu ujana wake, ambalo mfugaji wa Bonde la Ufa hulikabili kila ng'ombe wake anapoanguka ghafla: ni nini kilichoua, na jibu litachukua muda gani kupatikana?

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, akiwa wa tatu kati ya watoto 13. Baba yake alikuwa afisa wa migodi. Husimuliwa kwamba alijifunza kusoma peke yake kwa kuyachungulia magazeti ya nyumbani kabla hajaanza shule. Mwaka 1862 alijiunga na Chuo Kikuu cha Göttingen, na hatimaye akaingia katika masomo ya udaktari. Mwalimu wake mmoja, Jacob Henle, alikuwa amechapisha mwaka 1840 hoja kwamba maradhi ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo mno. Hoja hiyo ilikuwa haina ushahidi, na wengi waliipuuza. Koch alihitimu mwaka 1866, akamwoa Emmy Fraatz mwaka uliofuata, nao wakajaliwa binti mmoja, Gertrud. Kijana huyu alitamani sana kusafiri nchi za mbali. Badala yake akawa daktari wa miji midogo, akajitolea kuwatibu askari katika vita vya mwaka 1870 baina ya Ufaransa na Prussia, na mwaka 1872 akateuliwa kuwa mganga wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo umo nchini Poland.

Wollstein ilikuwa nchi ya wafugaji. Kondoo na ng'ombe walikufa kwa ugonjwa ambao Waswahili huuita kimeta, na mara kwa mara ulimpata mchungaji, mchinjaji au mtu aliyeichuna ngozi ya mzoga. Wataalamu waliomtangulia Koch walikuwa wamekwisha kuona vijiti vidogo katika damu ya wanyama waliokufa. Kilichokosekana ni uthibitisho kwamba vijiti hivyo ndivyo vilivyoua, wala havikuwa matokeo tu ya kifo chenyewe. Tena kulikuwa na fumbo lililowashinda wote: mbona malisho fulani huua mifugo mwaka baada ya mwaka, hata pale ambapo hapajalishwa mnyama mgonjwa kwa muda mrefu?

Koch hakuwa na maabara. Alikuwa na hadubini, na chumba alichozoea kuwapokelea wagonjwa, ambacho sehemu yake aliikata kwa pazia ili afanyie majaribio yake. Alichukua damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta, akaipaka kwenye vijiti vya mbao alivyovisafisha kwa moto, akamchanja panya. Panya akafa. Kutoka kwa panya huyo akamchanja mwingine, na mwingine, na kila mmoja alikufa akiwa na vijiti vilevile katika damu. Kisha akataka kuviona vikiishi nje ya mwili. Kwa kuwa hakuwa na chakula maalumu cha kuvioteshea, alitumia majimaji safi yaliyomo ndani ya jicho la ng'ombe. Chini ya lenzi aliona vijiti virefuka vikawa nyuzi, na ndani ya nyuzi zikatokea punje ndogo zenye kung'aa, mithili ya shanga. Hizo ndizo spora. Mwanafunzi wa lugha hawezi kuipita nukta hii bila kutabasamu: kitu kilichomfumbulia Koch fumbo la kimeta kilikuwa ni kitu kilichokuwa kikimeta. Sidai kwamba jina letu lilitokana na hilo. Ni sadfa, lakini ni sadfa nzuri.

Zile punje zilieleza yote. Kijiti hai ni dhaifu, hufa upesi mzoga unapooza bila kufunguliwa. Lakini mzoga ukipasuliwa na damu ikakutana na hewa, vijiti hugeuka kuwa spora, na spora huweza kukaa udongoni kwa miongo kadhaa, zikistahimili jua na ukame, hadi mnyama mwingine atakapokula nyasi mahali hapo. Mwishoni mwa Aprili 1876 Koch alisafiri hadi Breslau na vifaa vyake pamoja na panya wake, akayaonyesha majaribio hayo kwa siku tatu mbele ya Profesa Ferdinand Cohn na wenzake. Mwaka huohuo Cohn aliichapisha kazi hiyo katika jarida lake. Daktari wa wilaya ambaye hakuna aliyemjua, mwenye umri wa miaka 32, akawa wa kwanza kuthibitisha kwamba bakteria fulani husababisha ugonjwa fulani.

Inafaa tusimame hapa kidogo, kwani habari hii ya Wollstein ni habari ya Nakuru pia. Kati ya mwaka 2014 na 2017 kimeta kilizuka mara tatu katika eneo la Nakuru Magharibi. Mwaka 2015 kiliingia katika Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru na kuua nyati 745 kati ya takriban 4,500, pamoja na vifaru weupe watatu. Nje ya mbuga, katika kaya 11 zilizoathirika, ng'ombe 20 kati ya 54 walikufa. Watu 71 walikuwa wamegusana na ng'ombe walioambukizwa. 15 kati yao waliugua, wawili wakafa. Waliokufa wote walikuwa na kimeta cha tumbo, kile kimpatacho mtu aliyekula nyama. Wachunguzi hawakumpata mgonjwa hata mmoja aliyeambukizwa na wanyamapori.

Takwimu hizi zikisomwa harakaharaka, mtu atasema kwamba wanakijiji ni wajinga. Mwandishi wa makala haya hakubaliani. Ng'ombe aliyekufa usiku ni ada ya shule, ni kodi ya shamba, ni akiba yote ya mwaka. Nyama yake ikiuzwa asubuhi, hasara hupungua. Ikizikwa, hasara hukamilika. Kanuni ya wataalamu ni kwamba mzoga unaotokwa na damu nyeusi isiyoganda puani na kwenye matundu mengine usifunguliwe, bali uchomwe au ufukiwe kwa kina. Lakini si kila mzoga huonyesha dalili hizo. Bwana mifugo akifika mapema, akatoa tone la damu kwenye mshipa wa sikio, akalitia rangi na kulitazama kwa hadubini, huweza kuviona vijiti siku hiyohiyo. Asipofika, au asipokuwa na hadubini, sampuli husafirishwa hadi maabara ya mifugo, ambako bakteria hupaswa kuoteshwa kwa siku moja au mbili kabla ya jibu la hakika kutolewa. Nyama haingoji siku mbili. Baina ya jibu la maabara na njaa ya nyumbani pana pengo la saa kadhaa, na ndani ya pengo hilo ndimo watu hufia.

Huo muda wa kuotesha bakteria nao ni urithi wa Koch. Mwaka 1880 aliitwa Berlin katika ofisi kuu ya afya ya dola, akapewa maabara na wasaidizi. Tatizo kubwa la wakati ule lilikuwa mchanganyiko: katika mchuzi wa kioevu, bakteria za kila aina huogelea pamoja, na mtafiti hawezi kujua ni ipi aliyoishika. Koch alitambua kwamba kwenye kipande cha kiazi kilichopikwa huota madoa ya rangi tofauti, na kila doa ni ukoo wa bakteria mmoja tu. Kutoka kiazi akahamia jelatini, ambayo iliyeyuka kwenye joto. Ufumbuzi ulitoka jikoni kwa mwanamke, Fanny Hesse, mke wa mmoja wa watafiti wa maabara hiyo, aliyekuwa akigandisha vyakula vyake kwa agari itokanayo na mwani wa baharini. Agari haikuyeyuka. Mwaka 1887 msaidizi mwingine, Julius Richard Petri, akaongeza kisahani chenye kifuniko ambacho bado kina jina lake. Petri amepata umaarufu. Bi Hesse hutajwa kwa nadra, na hilo halistaajabishi.

Kwa njia hizo, tarehe 24 Machi 1882, Koch alisimama mbele ya madaktari wa Berlin na kuwaeleza kwamba amekipata kisababishi cha kifua kikuu. Ugonjwa huo ulikadiriwa wakati ule kuua mtu mmoja kati ya kila saba, na wengi waliuhesabu kuwa wa kurithi. Bakteria yake ilikuwa ngumu kuona kwa sababu haikukubali rangi za kawaida, tena ilikua taratibu mno: wengine wangekata tamaa na kuitupa sahani, yeye aliingoja kwa wiki kadhaa. Inasemekana kwamba alipomaliza kusoma taarifa yake hakuna aliyeinua mkono kumpinga.

Mwaka 1883 serikali yake ilimtuma Misri, kulikozuka kipindupindu. Wafaransa nao walikuwa wametuma kikosi chao, na mmoja wao, Louis Thuillier, kijana aliyekuwa mwanafunzi wa Pasteur, alifia Alexandria kwa ugonjwa uleule alioufuata. Mlipuko ulipopungua Misri, Koch alivuka hadi Calcutta, na huko, mapema mwaka 1884, akaiotesha bakteria ya kipindupindu ikiwa pekee na kuihusisha na maji ya mabwawa ambayo watu waliyaoga na kuyanywa. Mtaliano Filippo Pacini alikuwa ameiona mwaka 1854 bila kusikilizwa. Koch alirudi Berlin kama shujaa, akazawadiwa marki 100,000.

Calcutta unatulazimu kuruka miaka 44. Katika jiji hilohilo, tarehe 28 Februari 1928, mwanafizikia wa Kihindi C. V. Raman, akishirikiana na K. S. Krishnan, aligundua kwamba mwanga wa rangi moja ukipita katika kitu, sehemu ndogo sana yake hutoka ikiwa imebadilika rangi kidogo. Badiliko hilo hutegemea jinsi molekuli za kitu hicho zinavyotetemeka. Kila molekuli ina mtetemo wake. Basi mwanga uliotawanyika hubeba alama ya kitu ulichokigusa, kama udongo wa Njoro unavyoshika alama ya kwato. Raman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Shida ilikuwa uchache wa mwanga huo uliobadilika, takriban chembe moja ya mwanga katika kila milioni kumi. Ndipo leza ilipokuja kuwa na faida. Tangu leza ya kwanza ilipotengenezwa mwaka 1960, watafiti wamekuwa na mwanga mkali wa rangi moja tu, na baadaye ikagunduliwa kwamba molekuli zikikaribia uso wa fedha uliokwaruzwa, alama zao huongezeka nguvu maradufu nyingi.

Elimu hii ya kuchambua mwanga huitwa spektroskopia, na kwa upande wa bakteria ina ahadi moja kubwa: haihitaji kuotesha chochote. Sampuli huwekwa chini ya leza, mwanga unaorudi husomwa na kompyuta, na alama zake hulinganishwa na zile zilizohifadhiwa. Kwa spora za kimeta kuna bahati ya pekee, kwani spora hubeba kwa wingi asidi iitwayo dipikolini, ambayo haipatikani katika viumbe wengi, na alama yake ni dhahiri. Baada ya barua zenye spora kuwaua watu watano nchini Marekani mwaka 2001, utafiti huo ulisukumwa mbele kwa kasi, na majaribio ya maabara yakaonyesha kwamba spora zaweza kutambuliwa kwa muda wa dakika badala ya siku. Nchini Kenya pia, Chuo Kikuu cha Nairobi kina wanafizikia wanaoshughulikia spektroskopia ya leza.

Tusijidanganye, hata hivyo. Asidi hiyo imo katika spora za bakteria nyingine pia, zikiwamo jamaa wa kimeta wanaoishi udongoni bila madhara makubwa. Leza huweza kusema upesi kwamba hapa pana spora. Kusema kwamba spora hizi ni za kimeta ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa bakteria zote zimeundwa kwa protini, mafuta na asidi za kiini zinazofanana. Damu na udongo nazo hung'aa zenyewe chini ya leza na kuifunika alama inayotafutwa. Tena vijiti hai vilivyomo katika damu ya ng'ombe aliyekufa alfajiri bado havijawa spora. Kwa hiyo kifaa ambacho bwana mifugo angekitoa mfukoni pale Rongai au Subukia na kumpa mwenye ng'ombe jibu kabla ya kisu kunolewa hakijafika, ingawa njia ya kukifikia imekwisha kuonekana. Koch, aliyependa zaidi kuona kuliko kubahatisha, angeielewa haraka hiyo.

Alipoacha kuona na kuanza kubahatisha, aliumiza watu. Mnamo Agosti 1890, mbele ya kongamano la madaktari wa dunia mjini Berlin, alidokeza kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu. Miezi mitatu baadaye dawa hiyo, tuberkulini, ilianza kutumiwa. Hakutaja imetengenezwa kwa nini. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila pembe, treni zikajaa, nyumba za wageni zikageuka hospitali. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 1891 Rudolf Virchow alikuwa amewapasua marehemu na kuonyesha kwamba dawa ile, badala ya kuuzima ugonjwa, huweza kuutawanya mwilini. Ikajulikana kwamba ilikuwa ni maji ya bakteria za kifua kikuu yaliyochanganywa na gliserini. Katika mwaka uleule aliofedheheka alifunguliwa taasisi yake mpya. Mwaka 1893 alitengana na Emmy na kumwoa Hedwig Freiberg, msichana aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 30, jambo lililowakera watu wa Berlin pengine kuliko ile dawa.

Tuberkulini haikupotea. Ilibainika kwamba mtu au ng'ombe mwenye ugonjwa akichomwa kiasi kidogo, ngozi yake huvimba. Dawa iliyoshindwa kuponya ikawa kipimo. Mwaka 1901 mjini London, Koch alidai kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari ya kujali kwa binadamu na kwamba hakuna haja ya kuchukua hatua dhidi ya maziwa. Waingereza waliunda tume, ikachunguza kwa miaka kadhaa, ikamkuta amekosea. Kwa eneo kama letu, ambako maziwa ya Molo, Njoro na Naivasha ndiyo uhai wa kaya nyingi, kosa hilo si dogo. Kipimo kilichotumika kuwaumbua ng'ombe wagonjwa kilikuwa ni kilekile cha Koch.

Tamaa yake ya ujana ya kusafiri ilitimia uzeeni. Desemba 1896 alikwenda Kimberley, Afrika Kusini, kupambana na sotoka. Ugonjwa huo ulikuwa umekwisha kupita Bonde la Ufa mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuwaacha Wamaasai bila mifugo, jambo lililowafungulia njia walowezi waliokuja baadaye kudai kwamba ardhi ilikuwa tupu. Koch alipendekeza ng'ombe wazima wachanjwe kwa nyongo ya wale waliokufa. Njia hiyo ilisaidia kwa kiasi, kisha ikapitwa na nyingine bora. (Visa vya mwisho vya sotoka duniani vilionekana Kenya, kwa nyati wa Mbuga ya Meru, mwaka 2001, mwaka 2011 ukatangazwa kuwa umetokomezwa.)

Kutoka Afrika Kusini alipitia Bombay kuchunguza tauni, na mwaka 1897 akawasili Dar es Salaam, akakaa hadi mwaka uliofuata. Alichunguza malaria, na akathibitisha kwa sampuli alizozipata kwa Dakta Zupitza kwamba maradhi yaliyokuwa yakiua watu Kiziba, magharibi mwa Ziwa Viktoria, yalikuwa tauni. Waganda wa ng'ambo ya mpaka walikuwa wameujua ugonjwa huo tangu kale kwa jina la kaumpuli. Pia aliona katika damu ya ng'ombe wa pwani vimelea vidogo mno, akavidhani kuwa ni hatua ya ugonjwa mwingine uliokwisha kujulikana Marekani. Alipofika Rhodesia mwaka 1903 akasahihisha: huu ulikuwa ugonjwa wa pekee, akauita homa ya pwani ya Afrika. Ndiyo ndigana kali ambayo wafugaji wa Nakuru huogeshea ng'ombe wao majoshoni hadi leo. Wengine, hasa Lounsbury na Theiler huko kusini, ndio waliomfunga kupe wa masikio kwenye kosa hilo.

Mwaka 1905 alirudi Afrika Mashariki. Watu wa misafara walikuwa wakiwaogopa papasi wa kwenye vibanda vya kupumzikia, na hawakuwa na kosa: Koch alifukua vumbi la vibanda hivyo, akawapata papasi wenye vimelea vya homa ya kurudiarudia, akagundua kwamba vimelea hupita hadi kwenye mayai yao. Mwaka huohuo, huko Kongo, Dutton na Todd walifikia ugunduzi uleule, na Dutton akafa kwa homa hiyo. Mwaka huohuo pia vita vya Maji Maji vilianza kusini. Wasifu mwingi wa Koch hauvitaji, kana kwamba alitembea katika nchi isiyo na watu ila wagonjwa. Desemba 1905 alipokea Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Safari ya tatu ndiyo inayomhukumu. Malale yalikuwa yakiteketeza watu wa mwambao wa Ziwa Viktoria. Inakadiriwa kwamba kati ya mwaka 1900 na 1920 yaliua zaidi ya watu 200,000 nchini Uganda. Jina lenyewe la Kiswahili limebeba kitenzi kulala, na linaeleza vizuri mwisho wa mgonjwa. Reli iliyopita Nakuru ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na watafiti wa Ulaya waliweza sasa kulifikia ziwa bila kutembea kwa miezi. Kwa kuwa upande wa Wajerumani haukuwa na wagonjwa wa kutosha kwa utafiti, Koch na wasaidizi wake walihamia visiwa vya Sese vilivyokuwa chini ya Waingereza, wakapiga kambi mwaka 1906.

Kwa siku walikuja mamia. Walijikokota, waliletwa na ndugu zao kwa mitumbwi. Koch aliwachoma sindano katika tezi za shingo, akayatazama majimaji kwa hadubini na kuviona vimelea vikinyumbuka. Katika hili alikuwa yuleyule wa Wollstein, mwepesi na mwenye hakika. Kisha akawapa atoksili, dawa yenye aseniki. Mwanzoni ilionekana kama muujiza: waliobebwa walisimama, vimelea vikatoweka kwenye tezi. Baada ya miezi vilirudi. Koch akaongeza kipimo maradufu. Wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka, wala hawakuona tena. Akakirudisha kipimo cha awali.

Wako wanaomtetea kwa kusema kwamba malale yasiyotibiwa huua, na kwamba kipofu aliye hai ni afadhali. Hoja hiyo ina uzito kwa daktari wa kawaida. Haina uzito huo kwa Koch, aliyekuwa na tuberkulini nyuma yake, aliyejua vema kuliko mtu yeyote duniani tofauti ya kukiona kimelea na kukishinda. Watu wa Berlin mwaka 1891 walikuwa na Virchow wa kuwapasulia maiti na magazeti ya kupigia kelele. Watu wa Sese hawakuwa na mmoja wala mwingine. Vitabu hutupa majina ya wasaidizi wa kambi ile, Kleine, Kudicke, Beck. Wagonjwa huwa idadi tu. Mapendekezo ya Koch aliporejea Berlin mwaka 1907 yalikuwa kuwatenga wagonjwa kambini, kufyeka vichaka vya mbung'o na hata kuua mamba ambao mbung'o hunyonya damu yao. Kambi zilijengwa upande wa Wajerumani. Wagonjwa wengi walizitoroka.

Baada ya hapo alizunguka dunia pamoja na Hedwig, akapokewa Marekani na Japani, ambako mwanafunzi wake wa zamani, Kitasato, alimkirimu kama mfalme. Aprili 1910 alikuwa bado akihutubia Berlin juu ya kifua kikuu. Moyo ulikuwa umechoka. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Mwili ukachomwa, na majivu yakahifadhiwa katika taasisi iliyobeba jina lake. Wakati huo visiwa vya Sese vilikuwa vitupu. Serikali ya Waingereza ilikuwa imewahamishia bara wakazi waliosalia, na ikapita miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kurudi kwenye mashamba yao yaliyokwisha kuwa msitu.